Mji Unapozingirwa, Mama Atachota Wapi Maji?

Mfalme Hezekia tunamkumbuka zaidi kwa ugonjwa wake, kwa sala aliyoisali amegeukia ukutani, na kwa ile miaka 15 aliyoongezewa. Kazi yake nyingine hatuihubiri sana, ingawa imetajwa katika sura hiyo hiyo ya 2 Wafalme 20, na kwa urefu zaidi katika 2 Mambo ya Nyakati 32. Senakeribu mfalme wa Ashuru alipokuja juu ya Yuda, karibu mwaka 701 kabla ya Kristo, Hezekia alishauriana na wakuu wake. Kabla ya kujenga kuta na kutengeneza silaha walishughulikia maji kwanza. Wakaziba chemchemi zilizokuwa nje ya mji ili adui asizipate, na maji ya Gihoni yakaletwa ndani ya Yerusalemu kwa njia ya chini kwa chini.

Handaki linalohesabiwa kuwa kazi yake lipo mpaka leo. Limechongwa katika mwamba kwa urefu wa meta 533 hivi. Mafundi walianza pande mbili, wakachimba wakielekeana mpaka wakakutana katikati. Habari hiyo iliandikwa ukutani humo humo, na maandishi yakagunduliwa mwaka 1880. Wageni wanaotembelea Yerusalemu hupita ndani yake wakiwa wamepandisha nguo, maana maji bado yanapita.

Akina mama wenzangu, nimeanza na Hezekia kwa sababu miji mingi ya siku hizi, hata mikubwa yenye maghorofa, haina kitu kama handaki lake. Maji yake hutoka mbali. Huvutwa na pampu kubwa za umeme, husafishwa kwa dawa zinazoletwa kwa lori, kisha hupita katika mabomba ya kilometa nyingi kabla ya kufika jikoni. Vita vikitokea si lazima adui alenge bomba lenyewe. Nguzo za umeme zikianguka, pampu zinasimama. Barabara ikifungwa, klorini haifiki. Fundi akiogopa kutoka nyumbani, mtambo hauna wa kuuendesha.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Bomba lenye maji linasukuma kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo likiwa na ufa maji safi yanavuja, basi. Msukumo ukiisha, bomba lile lile huvuta. Maji machafu ya mtaro na ya choo yaliyolizunguka ardhini huingia kwa ule ufa. Maji yakirudi baada ya siku tatu, mama anashangilia, anajaza kila chombo, na yale ya kwanza kutoka ndiyo mabaya kuliko yote.

SARAJEVO: FOLENI CHINI YA MIZINGA

Mji ambao wanawake wake walijifunza mambo haya kwa muda mrefu sana ni Sarajevo, makao makuu ya Bosnia. Ulizingirwa kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996, siku 1,425. Ni mji ulio bondeni, umezungukwa na milima, na majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliyouzingira yalikaa juu ya milima hiyo. Visima vikuu vilivyoulisha mji viko upande wa Ilidža, na eneo hilo lilishikwa na waliouzingira. Wao walikuwa na uwezo wa kufunga, na umeme nao ulikatwa mara kwa mara. Mamia ya maelfu ya watu wakabaki na bomba kavu.

Wakatafuta maji ya mahali pale pale. Bahati yao, mji una kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1864, na kiwanda hicho kina chemchemi yake chini ya ardhi. Pombe si jambo letu katika kurasa hizi, lakini nasema wazi kwamba kiwanda kile kiliokoa watoto wengi. Ng'ambo tu ya barabara ipo kanisa la Mtakatifu Antoni la Wafransisko. Katikati ya majengo hayo mawili watu walisimama foleni kwa saa nyingi, Waislamu, Wakatoliki, Waorthodoksi, kila mmoja na madumu yake. Walibebea kwenye vigari vya kusukumia watoto, kwenye mikokoteni, na wakati wa theluji kwenye vibao vya watoto vya kuteleza barafuni. Aliyekaa ghorofa ya 10 alipanda ngazi na maji mkononi, kwa kuwa lifti haikuwa na umeme. Wengine walikinga ya mvua kwenye michirizi ya paa.

Foleni ikawa shabaha. Watu waliuawa kwa kombora wakingoja maji penye kiwanda kile Januari 1993. Tarehe 12 Julai mwaka huo huo, katika mtaa wa Dobrinja, kombora liliangukia watu wapatao mia moja waliokuwa wakisubiri zamu kwenye pampu ya mtaa. Wakafa 13. Mauaji ya siku hiyo yaliletwa mbele ya mahakama ya kimataifa kule The Hague, katika kesi ya Jenerali Stanislav Galić, aliyehukumiwa mwaka 2003, na rufaa ya mwaka 2006 ikamfunga maisha. Sheria ilikuwapo zamani. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, inayofuatana na Mikataba ya Geneva, inakataza katika kifungu cha 54 kushambulia mitambo ya maji ya kunywa ya raia. Tusiambiwe basi kwamba maji kukatika ni bahati mbaya tu ya vita.

Na hata aliyerudi salama na dumu lake alikuwa hajamaliza kazi. Kuchemsha kunataka moto. Watu wa Sarajevo walichoma viti, sakafu za mbao, viatu, hata vitabu vyao. Kila kichanja cha kuni kilipimwa: kipike chakula, kitie joto chumba, au kichemshe maji? Homa ya ini ya aina A na magonjwa ya kuhara yakaongezeka, kama ambavyo muuguzi yeyote angetazamia.

Mmarekani mmoja, Fred Cuny wa Texas, mtaalamu wa misaada ya maafa, aliliona tatizo hili kwa jicho la fundi. Aliwaza hivi: kama kwenda kuchota ndiko kunakoua, basi maji yafike nyumbani. Akishirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji, kwa fedha zilizotolewa na tajiri George Soros, alitengenezesha mitambo ya kuchuja maji yenye kipimo cha kuingia ndani ya tumbo la ndege ya mizigo. Ikashushwa upesi uwanjani kabla mizinga haijaelekezwa, ikafichwa ndani ya handaki la barabara, nayo ikavuta maji ya mto Miljacka na kuyasukuma kwenye mabomba yale yale ya mji. Hezekia angeelewa mara moja. Kuanza kutumika kulicheleweshwa na mabishano ya wakubwa juu ya usalama wa maji, jambo lililowaudhi wengi, lakini mwaka 1994 maji yalifika. Cuny mwenyewe alipotea Chechnya Aprili 1995 na hakuonekana tena.

GOMA: ZIWA LIMEJAA, KIU HAIISHI

Sasa tuje karibu na nyumbani, kwa akina mama wanaozungumza Kiswahili kama sisi, ingawa dumu wao huliita bidoni.

Goma iko ufukoni mwa Ziwa Kivu, chini ya mlima wa volkano Nyiragongo. Julai 1994, kwa siku chache tu, wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 waliingia huko kutoka Rwanda. Hakuna mji wenye mabomba ya kuwatosha watu hao. Wengi walikunywa maji ya ziwa kama yalivyo, na ziwa lile lile ndilo walilofulia na kuogea. Ardhi ni mwamba mweusi wa volkano. Jembe haliingii, choo hakichimbiki, wala kaburi. Kambi ya Kibumba haikuwa na chanzo cha maji hata kimoja, ikategemea malori.

Kipindupindu kikaja, na baada yake kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na nambari hiyo bado hainitoki. Mgonjwa wa kipindupindu huweza kupoteza lita nyingi za maji kwa siku moja, akafa kabla jua halijazama, na dawa yake kuu ni maji safi yenye chumvi na sukari. Kwa hiyo penye maji machafu anaugua, na kwa kukosa maji safi anakufa.

Miaka 30 baadaye mji huo huo ulijaribiwa tena. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, umeme ulikatika. Maji ya bomba ya Goma huvutwa kutoka ziwani kwa pampu za umeme, basi na mabomba yakakauka. Watu wakateremka ziwani na bidoni zao, wengine wakasukuma kwenye chukudu, ile baiskeli yao ya mbao isiyo na pedali.

Hapa kuna somo ambalo ningependa kila kiongozi wa akina mama alijue. Mahali kama hapo huwekwa vituo vya klorini ufukoni. Kituo chenyewe ni meza, ndoo ya dawa iliyochanganywa, na mhudumu aliyeshika bomba la sindano lisilo na sindano. Mama akishachota anapita mezani, anatiwa kipimo kimoja ndani ya dumu lake, anakwenda. Akifika nyumbani, nusu saa imepita na dawa imefanya kazi yake. Tena klorini kidogo inabaki ndani ya dumu na kulilinda hata mtoto akitia mkono. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na malori ya maji ya chupa, ambayo hupendeza kwenye picha na kuisha kabla ya foleni.

Mifano mingine ni mingi. Khartoum, iliyo juu ya mito miwili, ilikosa maji tangu vita vilipoanza Aprili 2023, na Mei 2025 mashambulizi ya ndege zisizo na rubani yalipozima umeme wa vituo vya maji kipindupindu kikafumka. Mykolaiv, mji wa Ukraine uliokuwa na watu zaidi ya 400,000, ulipoteza bomba lake kuu Aprili 2022. Baada ya wiki kadhaa wakafungulia maji ya mto yenye chumvi, ya kufulia na kusafishia choo tu; ya kunywa watu walichota kwenye vituo vilivyowekwa mitaani.

WANAOJIANDAA KABLA

Ukifika Berlin utaona pembeni mwa njia pampu za mkono za chuma, zilizopakwa rangi, baadhi zikiwa nzuri kama mapambo. Ziko kama 2,000. Mgeni hudhani ni kumbukumbu za kale, na kweli nyingine ni za karne ya 19. Lakini mwaka 1945, mji ulipokuwa vifusi, pampu hizo ndizo zilizonywesha watu. Wajerumani hawakusahau. Tangu mwaka 1965 wana sheria ya kuhakikisha maji wakati wa vita, na nchi nzima ina visima vya dharura zaidi ya 5,000, vingi katikati ya miji, visivyotegemea mabomba. Kipimo chao ni lita 15 kwa mtu kwa siku.

Kipimo hicho hicho cha lita 15 ndicho mashirika ya misaada hukitumia katika kambi, pamoja na masharti mengine: bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, pampu ya mkono isizidi 500, mama asitembee zaidi ya meta 500, wala asisubiri zaidi ya nusu saa. Hesabu nyumbani kwako. Familia ya watu sita ni lita 90, madumu manne na nusu ya lita 20. Hapo hujafua sana. Ya kunywa na kupikia peke yake, ukibana kabisa, ni lita tatu hivi kwa mtu.

JIKONI KWA MAMA

Vita si lazima vifike kwetu ndipo tujue haya. Bomba hukauka kwa ukame, kwa mafuriko, hata kwa transfoma iliyoungua.

Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa. Khanga kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa ni bora kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zimelegea na matundu yamekuwa madogo. Msidhani natania. Huko Bangladesh watafiti waliwafundisha wanawake kuchuja maji kwa sari kuukuu zilizokunjwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua kwa karibu nusu. Vijidudu vyake hujishika kwenye viumbe vidogo vya majini, na hivyo ndivyo kitambaa hunasa. Kisha kitambaa kifuliwe na kianikwe juani. Lakini kuchuja hakutoshi peke yake.

Kuchemsha: maji yakishatokota kwa nguvu, dakika moja inatosha. Kwa wanaokaa juu sana milimani, zaidi ya meta 2,000, wahesabu dakika tatu. Wengi wetu tulifundishwa dakika 10 au 20, na tumemaliza mkaa bure. Klorini ya kutibia maji, ya vidonge au ya maji, ifuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na ungoje nusu saa. Maji yakinukia klorini kidogo, usiyamwage. Harufu hiyo ndiyo mlinzi wake. Kama huna mkaa wala dawa, jaza maji maangavu katika chupa za plastiki zinazopenyeza mwanga, zisizozidi lita mbili, uzilaze juu ya bati saa sita za jua kali. Siku zikiwa za mawingu, ziache siku mbili.

Uchafu mwingi huingia nyumbani, si kisimani. Weka maji ya kunywa katika dumu la mdomo mwembamba au ndoo yenye mfuniko na koki. Kile kikombe kinachotumbukizwa na kila mtu, pamoja na vidole vyake, ndicho kinachotushinda zahanati.

Kwa mwenye mtoto mchanga nina neno la pekee. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji, hata kwenye joto. Katika mji uliozingirwa, ziwa la mama ndicho chanzo cha maji kisichokatwa na adui, na mama mwenye hofu na njaa bado anaweza kunyonyesha. Asikubali makopo ya maziwa yanayogawiwa ovyo wakati wa maafa, yanayotaka maji safi ambayo hayapo. Mpeni yeye kwanza maji na chakula, hata kabla ya baba wa nyumba.

Mtoto akianza kuhara, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, hata akitapika ngoja dakika 10 uendelee, na usiache kumnyonyesha wala kumlisha. Akiharisha maji meupe kama ya mchele, macho yakazama, ngozi ya tumbo ikifinywa isirudi haraka, usingoje asubuhi. Mbebe, ukimnywesha njiani.

KISIMA CHA KANISA

Makanisa mengi yetu, hasa yale ya zamani ya misheni, yana kisima uwanjani. Mara nyingi kimefunikwa kwa mabati tangu mtaa ulipovutiwa bomba, na watoto wa Shule ya Jumapili hukitupia mawe. Katika kikao cha akina mama kinachofuata, ulizeni habari zake. Je, kina maji wakati wa kiangazi? Choo cha karibu kiko umbali gani? Zisipungue meta 30, na choo kisiwe upande wa juu. Mdomo wake umejengewa na una mfuniko? Ombeni bwana afya wa kata achukue sampuli yakapimwe, na baada ya mafuriko yapimwe tena, maana kisima kilichofurika hutiwa klorini na kukaushwa kwanza kabla mtu hajanywa.

Pampu ya mkono ina vipande vya mpira na ngozi vinavyochakaa. Nunueni vipuri sasa, maduka yakiwa wazi, na wafundishwe wanawake wawili kuvibadilisha, si kijana mmoja ambaye kesho atahamia mjini. Pampu isiyotumika hushika kutu, kwa hiyo wekeni zamu ya kuipampu kila juma, hata kama ni kumwagilia maua ya madhabahuni tu. Na ufunguo wa kufuli yake usikae kwa mzee wa kanisa peke yake. Uwepo mwingine kwa mama anayekaa karibu, ambaye usiku akigongewa huamka.